Nani Atamcheza Marehemu? Mjadala wa riwaya ambayo Tukuyu bado haijaandika

Hoja iliyo mbele yetu ni hii. Aandikwe msichana wa miaka 17, mkazi wa Bulyaga mjini Tukuyu, mmoja wa madansa wanaokodiwa kwenye sendofu na kicheni pati kuanzia Kiwira hadi Kyela. Siku moja yuko msibani, anamwona kijana anayecheza kuliko wote waliopo, anampenda papo hapo, na baada ya kurasa kadhaa anagundua kwamba msiba ule ulikuwa wa kijana yuleyule. Mahaba, ngoma, mzimu, stendi ya mabasi na simu janja, vyote viingie ndani ya kitabu kimoja cha Kiswahili kwa msomaji wa sekondari. Je, kitabu cha namna hiyo kinafaa? Na kama kinafaa, kiandikweje?

Kitabu chenyewe nimekibuni ili kipate kubishaniwa. Wabishi nao ni wa kubuni, ingawa aliyewahi kuishi Tukuyu msimu mmoja wa mvua (na mvua ya Tukuyu haina haraka ya kwisha) atadhani anawajua. Mzee ni mzee wa kanisa la Moravian. Mwalimu ni mama aliyestaafu baada ya kufundisha Kiswahili sekondari maisha yake yote. Mhariri ni mzaliwa wa Masoko anayefanya kazi ya vitabu Dar es Salaam, amerudi nyumbani kuzika. Binti amemaliza kidato cha sita na ni dansa kweli. Vitabu, miaka na waandishi wanaowataja ni vya kweli.

MZEE: Nianze mimi kwa kupinga, maana nikichelewa mtanizidi maneno. Hadithi ya mzimu kumpa mtoto wa shule ya nini? Mkoa huu umesahau mapema namna hiyo? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walikuwa wanaogopa kutembea jioni kwa habari za wachuna ngozi. Baadaye huko Kanda ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino wakawindwa kwa sababu mtu kaambiwa kiungo cha mwenzake kinaleta utajiri. Nchi ina Sheria ya Uchawi tangu 1928 na bado hatujapona. Leo tumwandikie binti hadithi ya kupendana na maiti?

BINTI: Shikamoo, Baba.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Usinilainishe.

BINTI: Silainishi, nauliza tu. Hao waliochuna watu ngozi walikuwa wamesoma riwaya gani? Waliambiwa na mganga, wakaamini, wakalipa. Hakuna hata mmoja aliyetoka maktaba. Na mapenzi, Baba, tumeshayasoma shuleni, tena kwa mtihani. Ngoswe anapenda, karatasi za sensa zinateketea. Joti wa *Kilio Chetu* anapenda, anaondoka na ukimwi. Rosa Mistika anaishia kujiua. Ukikaa darasani miaka sita unajifunza kwamba msichana wa kwenye kitabu cha Kiswahili akishapenda tu, ukurasa wa mwisho ni kaburi au wodi ya wazazi. Sisemi vitabu hivyo vibaya, vingine vimeniliza. Nimechoka tu kupenda kwa ajili ya kujibu swali la dhamira na maudhui.

MWALIMU: Mimi ndiye niliyekuwa nauliza hilo swali la dhamira, kwa hiyo jiwe limenipata. Lakini nitakuongezea jingine ulirushe. *Rosa Mistika* ilipotoka 1971 ilipigwa marufuku shuleni. Sisi tulikuwa wasichana wa bweni, tuliisoma chini ya blanketi kwa tochi, nakala moja imechakaa haina jalada. Kezilahabi alimwadhibu Rosa vikali, na bado wakubwa waliona hajaadhibiwa vya kutosha. Hivyo ukitegemea wakubwa wakuridhie kwanza ndipo uandike, mwanangu, utazeeka na kalamu mkononi.

MHARIRI: Naomba niseme ya sokoni. Rafu yetu ina shimo. Upande huu kuna sungura na fisi, upande ule kuna *Vuta N'kuvute* na *Nagona*. Pale katikati, anaposimama mtu wa miaka 14 hadi 18, tumeweka vitabu vya mtihani basi. Kuanzia 2008 Tuzo ya Burt, iliyokuja kwa fedha za Kanada kupitia shirika la CODE, iliwapa vijana wa Tanzania riwaya zao wenyewe, na zipo zilizo nzuri sana, ila sharti lilikuwa Kiingereza. Sasa tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iko chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023. Hapo Kiswahili kimepata kiti. Tatizo ni kwamba mwandishi anayejua kitabu chake kinaweza kuingia shuleni huanza kujikagua kabla hajakaguliwa na mtu.

MZEE: Na ajikague! Kujikagua ni adabu.

MHARIRI: Ni adabu, Mzee, mpaka pale inapomfanya mhusika wa miaka 17 azungumze kama risala ya mgeni rasmi.

Hapa Mwalimu alicheka, na mimi nakiri kwamba upande wangu ulianza kuonekana. Riwaya zetu za vijana zina ugonjwa huo wa risala. Wasichana ndani yake hawana hata wimbo wanaoupenda.

MWALIMU: Tusiseme pia kana kwamba mambo ya ajabu yameletwa na runinga. Shaaban Robert alishaandika *Kusadikika* mwaka 1951, nchi nzima inayoelea angani, na mwaka uliofuata *Adili na Nduguze*, ambamo gavana anawachapa manyani kila usiku, na manyani wenyewe ni ndugu zake. Kezilahabi akaja na *Nagona* na *Mzingile*. William Mkufya katuletea *Ziraili na Zirani* mwaka 1999, na Said Ahmed Mohamed *Babu Alipofufuka* mwaka 2001. Kwa hiyo fantasia tunayo, tena ya wazito.

BINTI: Ya wazito kweli, Mwalimu. Mzimu wa *Babu Alipofufuka* unakuja kuwahukumu wakubwa na siasa zao. Mimi nataka unaokuja kwa sababu unanipenda. Nataka apande bodaboda, asilipe nauli, na dereva asimwone kwenye kioo.

MHARIRI: Lakini hapo wasomaji wa hadithi za aina hii wanataka jiji. Zile za wenzetu zinatokea London, New York, Chicago: treni za chini ya ardhi, maghorofa, vichochoro. Tukuyu ina nini? Ina stendi, soko, boma la Wajerumani, hospitali ya Makandana na ukungu.

BINTI: Kaka, *Twilight* imetokea wapi?

MHARIRI: Forks.

BINTI: Forks ni nini? Ni kamji ka wakata magogo katika jimbo la Washington, watu elfu tatu na kitu, sifa yake kubwa ni mvua. Stephenie Meyer alikuwa anatafuta mahali pasipo na jua, akapachagua kwa sababu hiyo. Mwaka 2005 kitabu kikatoka, baada ya muda mfupi watalii wakaanza kumiminika wapigwe picha na kibao cha mji. Mvua tunayo. Chai tunayo badala ya magogo. Kilichobaki ni kitabu.

Mhariri hakujibu, na nadhani alishindwa kihalali. Niongeze la kwangu. Mji huu una jambo ambalo mwandishi wa fantasia wa London angelipa kulipata. Tukuyu ina kata inaitwa Bagamoyo. Ina kata inaitwa Msasani. Ina uwanja unaitwa Tandale, ambako tamasha la ngoma za asili la Tulia Trust limewahi kukusanya vikundi kutoka pembe nyingi za nchi. Pwani nzima imejificha kwa majina kwenye mteremko wa Mlima Rungwe, kilomita mia kadhaa kutoka kwenye bahari hiyo. Msichana apande pikipiki usiku wa ukungu, aseme "Msasani", ashuke asikie mawimbi. Hiyo ni sura ya tatu imeshajiandika yenyewe.

MZEE: Mnachezea majina. Mimi narudi kwenye msiba. Kwa nini huyu kijana aonekane msibani? Kwa nini asionekane sendofu, mahali pa furaha? Msiba kwetu ni kitu kizito. Mnyakyusa hakosi msiba. Atakosa harusi ya ndugu yake, msiba hakosi. Kinamama wataacha majani ya chai shambani, watafunga kanga na kwenda. Ng'ombe atachinjwa. Halafu mtu anaweka mapenzi hapo katikati?

MWALIMU: Mzee wangu, mapenzi yalikuwepo hapo kabla ya mwandishi. Ngoja nieleze, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo penye kitabu.

Kati ya 1934 na 1938 walikaa huku Rungwe mtu na mke wake, Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia. Godfrey aliandika kuhusu maziko ya Wanyakyusa, maandishi yake yakachapwa 1939, miaka mitano kabla hajafa. Monica akaja kuandika vitabu kadhaa, kimoja cha 1951 kinahusu vijiji vya marika, kingine cha 1957 kinahusu matambiko ya ukoo. Walichokiona msibani ni hiki. Wanawake wanalia. Wanaume wanacheza, ngoma kubwa zinalia, mikuki mikononi, wanaruka na kukanyaga ardhi, na wanawake wanapita katikati yao wakiendelea kuomboleza. Mtu wa nje angesema hawa wana wazimu, wengine wanalia wengine wanacheza. Wazee wakamwambia Godfrey kwamba wanacheza kwa sababu moyoni kuna vita: uchungu umewajaa na hofu imewajaa, miguu ndiyo inayoutoa. Siku zinavyosogea, kilio kinapungua na ngoma inazidi. Vijana wanakuja hata kama marehemu hawakumjua sana. Wasichana wanawatazama. Maneno yanaanza. Mzee, usiniambie hujui ndoa zilizoanzia msibani.

MZEE: (kimya kidogo) Zipo.

MWALIMU: Yako?

MZEE: Mwalimu, tuendelee na kitabu.

BINTI: Sasa hapo ndipo mnaponinyima usingizi. Kwa hiyo mapenzi, ngoma na mauti vilikuwa uwanja mmoja hapahapa, na sisi tunajiuliza kama kitabu chenye vitu hivyo vitatu ni uigaji wa Wamarekani?

MWALIMU: Ndiyo maana nimesimama kidete. Na haijaisha. Ukisoma yale matambiko ya msiba ambayo Monica ameyaeleza, kazi yake mojawapo ni kumtenga marehemu na waliobaki. Mtu akifa haondoki siku hiyohiyo. Anawajia ndugu ndotoni, amewakalia mwilini. Lazima afanyiwe mambo ili ajitenge, aende kwa abasyuka, wale waliotangulia, kisha akumbukwe kwa heshima kama mzee wa nyumba na si kama mtu anayekukaba usiku. Ukiacha kufanya, hakuachi.

BINTI: Mungu wangu. Kwa hiyo yeye ndiye atakayemcheza.

MHARIRI: Nani?

BINTI: Msichana. Kule kwa Wazaramo mwali anachezwa. Huku kwetu marehemu alichezwa. Kijana alikufa, msiba ukafanywa haraka, nyimbo mbili na chakula cha boksi, watu wakawahi mabasi. Hakuna aliyemcheza. Ndiyo maana amebaki mjini, ndiyo maana anaonekana kila penye muziki. Njia ya kumsaidia ni moja, msichana amcheze mpaka aende. Na kumcheza ndiko kumpenda, na akimaliza kumcheza atakuwa amempoteza.

Nimeliacha neno hilo lilivyo kwa sababu nadhani ndilo linalokiokoa kitabu. Riwaya nyingi za aina hii, za kwetu na za wenzetu, hutumia dansi kama pambo: mhusika mzuri, nguo nzuri, ukumbi una taa, wanacheza, wanatazamana. Ukiitoa dansi hiyo na kuweka mpira wa pete, hadithi haibadiliki. Lakini ukianzia msiba wa Rungwe, ngoma ina kazi ya kufanya. Isipochezwa, mtu hafiki aendako. Na ile bei ambayo kila hadithi ya maajabu inaitafuta, kwamba nguvu haitolewi bure, imo ndani ya ngoma yenyewe.

MZEE: Imani yangu hainiruhusu kusema marehemu anapelekwa na miguu ya mtu. Wamishenari wa Moravian walifika Rungwe 1891, na mababu zetu walioamini waliacha kucheza msibani. Huyo mama Wilson naye ameandika hivyohivyo, Wakristo walikuwa wanaimba tenzi wakati wenzao wanacheza. Waliacha kwa gharama. Walitukanwa kwamba hawana uchungu na ndugu zao. Kitabu chenu kisije kikawafanya wajinga.

MWALIMU: Hilo ni la haki kabisa.

MHARIRI: Na ni zuri kwa hadithi. Bibi yake msichana anaweza kuwa mtoto wa waliokataa. Anajua hatua zote kwa sababu alikuwa anachungulia migombani, na hajawahi kuzicheza hata siku moja.

MZEE: Na tarumbeta? Mbona hamsemi tarumbeta? Mkisema kanisa liliua ngoma mnakuwa waongo nusu. Kanisa lilileta matarumbeta. Mimi mwenyewe nimepiga. Tulikuwa tunatangulia jeneza kutoka kanisani hadi makaburini, barabara ya tope, mdomo umekufa ganzi kwa baridi, na nyuma yetu vijana wanatembea kwa mwendo ambao ukiuangalia vizuri si kutembea. Mchungaji alikuwa anajua. Alikuwa anatazama mbele.

Hapo Binti alimwomba aonyeshe ule mwendo, Mzee akakataa. Nami sitamlazimisha kwenye karatasi.

MHARIRI: Niulize la ufundi, maana wazo limeshanishinda. Dansi kwenye maandishi ni ngumu. Nimekataa miswada mingi ambayo mtu anaandika "alicheza kwa ustadi wa hali ya juu, umati ukashangilia". Mimi msomaji sioni kitu. Wewe unayecheza, hebu nieleze unaingiaje ukumbini.

BINTI: Sendofu. Tuko sita, tuko nje ya mlango, kunanyesha. Viatu vyeupe tumevishika mkononi ili visipate tope, tunavaa dakika ya mwisho, mmoja anamshikilia mwenzake. Dijei ameshakata wimbo, yaani wimbo wa dakika nne tumeupunguza ukabaki moja na nusu, na ukikatwa vibaya kuna mahali biti inaruka, kwa hiyo kichwani unahesabu nane lakini ya tatu unaibana. MC anasema maneno mengi. Mlango unafunguliwa. Kitu cha kwanza unachokiona si watu, ni simu, taa za simu. Sakafu ina vigae na watu wameingia na matope, kwa hiyo huwezi kuburuza mguu, unaunyanyua. Wanadhani ni mtindo. Ni utelezi. Kisha shangazi mmoja anatoka kwenye meza kuja kutunza, anakubandika noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, na wewe hutakiwi kuishika wala kuiacha idondoke. Unacheza na noti usoni.

MHARIRI: Andika hivyohivyo.

BINTI: Na yule kijana nitamjua kwa hilo. Kwenye sakafu yenye utelezi, wote tunanyanyua miguu, yeye anaburuza. Hatelezi kwa sababu hana uzito.

Sikutarajia hilo litoke kwa Binti. Ni jambo ambalo anayecheza pekee ndiye angelifikiria, na mwandishi aliyesoma vitabu mia vya vampaya asingelipata.

MWALIMU: Bado hatujagusa maajabu yenyewe. Kitabu cha namna hii lazima kiwe na kanuni: nani ana nguvu, ameipata wapi, inafanyaje kazi. Na hapa Mzee alikuwa sahihi tangu mwanzo kuogopa, ila aliogopa mahali pasipo penyewe. Huku kwetu kulikuwa na mafundisho mawili. La kwanza, kuna watu wana chatu tumboni, wanaruka usiku kuwadhuru wenzao, na wapo wengine wenye nguvu hiyohiyo wanaolinda kijiji na kuwaona wachawi ndotoni.

BINTI: Hiyo ni nzuri mno! Walinzi wa usiku wa Tukuyu, joka dhidi ya joka.

MZEE: Hapo nakataa, na mkinikatalia nitaondoka. Utaandika joka la tumboni, mtoto atasoma, kesho atamwangalia jirani yake. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Ukishasema nguvu imo ndani ya tumbo la fulani, umeshamtaja fulani.

MWALIMU: Ndiyo maana nataka la pili. Wanyakyusa walisema kuna pumzi ya watu, embepo sya bandu. Mtu akivunja heshima ya kijiji, akamdhulumu mkwe wake, akamtukana mzazi, akachinja ng'ombe akala peke yake, majirani wananung'unika. Si mmoja, ni kijiji kizima. Manung'uniko yale yanatoka kama upepo wa baridi, unampata. Homa, kutetemeka, mwili unakufa ganzi. Hakuna aliyemroga, na hakuna asiyehusika. Dawa yake ni kuungama na kuwalisha majirani, mkae tena pamoja.

BINTI: Mwalimu, hilo ni kundi la WhatsApp la mtaa.

Tulicheka wote, hata Mzee. Lakini nililiona jibu la mjadala mzima mahali hapo, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Hofu ya Mzee haikuwa hofu ya mizimu. Alikuwa anaogopa kidole. Filamu zetu nyingi za kutisha zinahitaji kidole: lazima dakika ya mwisho aonyeshwe mama wa kambo, mganga au mke mwenza, ndiye aliyefanya. Riwaya yenye chatu ingeufuata mkondo huo hata kama mwandishi ana nia njema, kwa sababu kanuni yake inadai mchawi apatikane. Riwaya yenye pumzi haihitaji mchawi. Msichana anapendana na asiyeonekana, mji unamwona anacheza peke yake usiku uwanjani Tandale, wanaanza kusema. Picha inatumwa. Mmoja anaweka kicheko, mwingine anaweka aya ya Biblia. Baridi inaanza vidoleni. Adui wa kitabu ni kila msomaji aliyewahi kutuma picha ya mtu mwingine.

MHARIRI: Na hata kuungama kunabadilika. Watakaotakiwa kuungama ni wao.

MZEE: Hiyo naielewa. Hiyo hata mimbarini naweza kuihubiri, ingawa nisingesema imetoka wapi.

MHARIRI: Basi nihesabu kazi zilizobaki, maana nina basi la kuwahi. Mapambano ya vikundi: napendekeza vikundi viwili vya madansa wa mjini vyenye uhasama, kama ilivyokuwa Marini na Arinoti enzi za ngoma ya beni. Profesa Terence Ranger alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1975: vijana wa Lamu na Mombasa walianza kucheza kwa magwaride mwishoni mwa karne ya 19, askari wa Vita vya Kwanza wakaisambaza beni huku bara, kila upande na mfalme wake na majenerali wake wa kujitwika. Ilifika huku, ikavuka hadi Malawi ikazaa malipenga. Dansi ya mjini yenye vyeo vya kubuni si jambo geni hapa.

BINTI: Hiyo niachie, Kaka. Makundi hasimu ninayajua bila profesa.

MHARIRI: Jina?

BINTI: Bado. Ila lisiwe na neno "penzi" wala neno "damu".

MHARIRI: Mwisho wake? Mimi kama mchapishaji nitakuomba usimpeleke mwishoni. Amcheze nusu, abaki. Filamu ya *Nsyuka* ya Mussa Banzi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilipata sehemu ya pili. Watu watataka sehemu ya pili.

MZEE: Hao nao walichukua jina la wazee wetu waliotangulia wakalifanya kitisho cha video.

MWALIMU: Amcheze mpaka mwisho. Kumbakiza kwa ajili ya biashara ni kumdhulumu marehemu.

BINTI: Nitamcheza mpaka mwisho. Sitakufa, sitapata mimba, na sitaokoka ukurasa wa mwisho kwa sababu mchungaji kapiga kelele. Nitaamka asubuhi nina maumivu ya magoti na nina safari ya chuo. Sehemu ya pili, Kaka, itakuwa ya bibi. Yule aliyekuwa anachungulia migombani. Naye ana mtu wake ambaye hakumcheza, toka ujana, kwa sababu ya imani.

MZEE: Huyo bibi mtamwandika vizuri?

BINTI: Ndiyo, Baba.

MZEE: Na mchungaji naye muwe mnampa maneno ya mtu mzima. Kwenye video zenu anaingia dakika tano za mwisho, ameshika Biblia, anafoka, jini linatoka, anaondoka. Hana mke, hana shamba la chai, hajawahi kufiwa. Mpeni msiba wake.

BINTI: Tutampa. Atacheza?

MZEE: Hachezi. Atapiga tarumbeta.